Ernest: jina lililofika Fizi likiitwa Tatu

Leo tuongee juu ya jina Ernest. Watoto wetu wengi wamelipata kwenye ubatizo, lakini asili yake ni Kijerumani cha kale: ernust, yaani kutofanya mchezo na jambo, na pia mapambano. Wahispania husema Ernesto.

Ernesto mmoja alifika kwetu: Che Guevara, mzaliwa wa Argentina. Mwezi wa 4 mwaka 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akashuka Kibamba kusaidia waasi wa Simba. Jina lake lilifichwa. Wakuu wa kundi lake walipewa hesabu ya Kiswahili: Dreke akawa Moja, mwenzao Mbili, na Che, mkubwa wao wote, akawa Tatu! Wapiganaji wengi wenyeji hawakumjua. Mwezi wa 11 alivuka ziwa tena, vita vimemshinda.

Yeye alikuwa na sababu ya kuficha jina. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini hana. Wazazi, mwandikisheni kwa serikali kabla ya siku 90. Ni bila malipo.