Vita Bila Kiwanda: Jasho la Wanawake wa Kigiriama, 1913–1914

Vita vya Kwanza vya Dunia hupewa sifa kubwa katika historia ya haki za wanawake: wanaume walikwenda vitani, wanawake wakaingia viwandani kuunda silaha, na mwaka 1918 Uingereza ikawapa kura. Dai hilo lina kasoro hata huko lilikotoka. Sheria ya 1918 iliwatambua waliotimiza miaka 30 na kuwa na sifa za mali, kwa hiyo wasichana wengi waliojaza baruti kwenye makombora walingoja hadi 1928.

Kwa Malindi na Kilifi, kwenye Pwani ya Kenya, dai hilo halifai kabisa. Hapa vita havikujenga kiwanda, vilitaka wapagazi.

Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Wagiriama waliovuka Mto Sabaki walilima mahindi na kuyauza kwa wafanyabiashara wa Malindi. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha 1981 kisichosomwa vya kutosha huku kwetu, anaufuata mgogoro wa Wagiriama na Waingereza hadi shambani. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba, tena ikataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Familia nazo ziliwahitaji vijana hao kufyeka na kulima. Kijana akichukuliwa, kazi yake ilimwangukia mama, mke au dada.

Ndiyo maana Mekatilili wa Menza alisikilizwa. Mwaka 1913 mjane huyu alizunguka vijijini, akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwahimiza wasitoe watoto wao. Huko Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wanawake walikula kiapo chao, mukushekushe, na wanaume wakala cha fisi. Wanawake hawakuja kushangilia uamuzi wa waume zao. Walijifunga wenyewe, kwa kiapo kilichokuwa chao.

Masimulizi ya Pwani yanasema Mekatilili alimkabili ofisa Arthur Champion akiwa na kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Kisa hiki kinastahili kuheshimiwa hata kama makarani hawakukiandika, kwa kuwa kimebeba hoja ya mzazi kuhusu nani ana haki juu ya nguvu za mwanawe. Maelezo ya wakoloni kwamba wananchi walipotoshwa na mchochezi mmoja hayana uzito. Aliyeona mikono ikipungua shambani hakuhitaji kupotoshwa.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadori Kola. Januari 1914 walitoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Tarehe 4 Agosti, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mapigano yakazuka, na masharti ya amani yakawa mazito: faini ya rupia 100,000, wanaume 1,000 wa kufanya kazi, na kuondoka kaskazini mwa Sabaki, kwenye mashamba yale yale ya mahindi.

Kura nayo haikuletwa na vita hivyo: kura ya wote ilikuja na uhuru wa 1963.

Leo kazi hiyo ina sheria: Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 inataja kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Sherehe za Mekatilili zinazofanyika Malindi humsifu kwa ushujaa. Zimsifu pia kwa hoja yake ya uchumi, na wanawake wanaolima Magarini na Ganze waelezwe sheria hiyo papo hapo uwanjani.