Ni Nani Astahiliye Kuamua?

Msomaji, tuseme umeshtakiwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mbele yako wameketi waamuzi kumi na wawili, nao ndio watakaosema kwamba una hatia au huna. Je, hutauliza wamechaguliwa na nani, na kwa njia gani? Swali hilo liliwakabili vijana tisa weusi mwaka 1931 huko Scottsboro, katika jimbo la Alabama, Marekani.

Vijana hao walisingiziwa kwamba waliwanajisi wanawake wawili weupe ndani ya gari la moshi la mizigo. Haukupita muda mrefu, wanane kati yao wakahukumiwa kufa. Waamuzi wote walikuwa wanaume weupe. Sheria haikutaja rangi. Ilitaka tu waamuzi wawe watu waaminifu, wenye busara na sifa njema. Lakini waliozipima sifa hizo walikuwa maofisa wachache weupe, na kalamu ilikuwa mikononi mwao. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Wakili wao, Samuel Leibowitz, alidai daftari la majina liletwe mahakamani. Ndani yake yalionekana majina ya watu weusi, lakini ilidhihirika kuwa yalichomekwa baadaye ili kuuficha ubaguzi. Daftari hilo lilifikishwa hata Mahakama Kuu mjini Washington, majaji wakalitazama kwa kioo cha kukuzia. Mwaka 1935 wakaibatilisha hukumu, kwa kuwa watu weusi walikuwa wametengwa kwa makusudi. Hakuna kijana aliyenyongwa, ila baadhi yao walikaa gerezani miaka mingi. Watatu wa mwisho walisamehewa mwaka 2013, nao walikuwa wamekwisha kufa.

Tangu hapo mageuzi yalikuja polepole. Sheria ya mwaka 1968 iliagiza kwamba katika mahakama za serikali kuu majina yatolewe kwa kura kutoka orodha za wapigakura, si kwa hiari ya ofisa. Mwaka 1986 waendesha mashtaka walikatazwa kumkataa mwamuzi kwa ajili ya rangi yake. Lakini kisingizio si kigumu kutunga. Kwa hiyo mwaka 2022 jimbo la Arizona lilifuta kabisa desturi ya kumkataa mwamuzi bila kutaja sababu. Wako pia wanaoshauri malipo ya waamuzi yaongezwe, ili maskini asiikose nafasi hiyo kwa kuogopa kupoteza ujira wa siku.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni ya mbali. Hapa Kenya, zama za ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa aliamuliwa na Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa haki kama hiyo. Basi usomapo sheria iliyo nzuri, usitosheke na maneno yake. Uliza pia: ni nani anayeandika majina daftarini?