Boriti za ndani ya mfupa

Baba yangu aliuza miti ya mikoko Lamu, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ukichanganya majina, alikuhesabisha upya. Basi nilipoanza kufundisha baiolojia na kukutana na neno trabekula, nilicheka peke yangu. Kwa Kilatini trabs ni boriti. Trabecula ni kijiboriti. Kijiboriti ndio nini? Baba angesema pau, yakaisha.

Chukua mfupa wa paja la ng'ombe, upasue kichwa chake kwa msumeno, uuchemshe mafuta yatoke. Utaziona trabekula zenyewe, nyembamba na ngumu, zimepishana kama wavu. Wengi waliona sifongo tu. Mwaka 1866 huko Zürich, mwanaanatomia Hermann von Meyer aliwaonyesha wanasayansi wenzake mifupa iliyopasuliwa hivyo. Miongoni mwao alikuwa Karl Culmann, mhandisi wa madaraja ya reli, ambaye kati ya 1849 na 1851 alizunguka Uingereza na Marekani akichungua madaraja ya wenzake. Yeye aliona mistari aliyoizoea ubaoni: kreni iliyopinda inabeba mzigo, upande mmoja unabanwa, mwingine unavutwa, na mistari ya nguvu hizo inakatana kwa pembe mraba. Akawachoresha wanafunzi wake kreni yenye umbo la paja. Mistari ikaja kama ya mfupa.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Neno lilitoka kwa wajenzi, likakaa kwa waganga kama jina tu, mpaka akaja mjenzi akajua kazi yake.

Meyer alichapisha habari hizo 1867. Julius Wolff wa Berlin akazisukuma mbele hadi kitabu chake cha 1892: mzigo ukibadilika, mfupa nao hujipanga upya. Maurice Koechlin, aliyesomeshwa na Culmann, ndiye aliyechora mchoro wa kwanza wa mnara wa Eiffel, 1884. Watu hupenda kuongeza kwamba mnara umeiga paja la binadamu. Mimi nasema aliigwa mwalimu, na hesabu zake.

Uzeeni baba alianguka, akavunjika nyonga. Niliinua picha ya eksirei dirishani nikamwonyesha mistari ile, imepungua pale ilipotakiwa kusongamana, kama dari iliyoliwa na mchwa. Aliitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "hiyo si mikoko."