The Daughter of Dawn: mkanda uliopotea miaka zaidi ya 80, ukaibuka kama malipo ya kazi

Wadau, wengi wetu tumekua na picha za makauboi kwenye vibanda vya video: steringi Mzungu juu ya farasi, "Wahindi Wekundu" wanakufa kama kuku. Sasa kuna mkanda wa mwaka 1920 uliogeuza mambo. Ni bubu, maneno unayasoma kwenye kioo.

The Daughter of Dawn ulipigwa kwenye milima ya Wichita, Oklahoma, dairekta akiwa Norbert Myles. Waigizaji wote, kama 300 hivi, ni Wakiowa na Wakomanche wenyewe, hakuna Mzungu aliyepakwa rangi. Nguo, farasi na mahema walikuja navyo. Steringi ni White Parker, na dada yake Wanada yumo pia. Baba yao ni Quanah Parker, yule chifu wa Wakomanche aliyepigana na jeshi la Marekani mpaka akasalimu amri mwaka 1875.

Stori ni ya mapenzi: vijana wawili wanamgombea binti wa chifu, mzee anawaambia rukeni jabali tuone nani anapenda kweli. Mmoja anaingia mitini!

Ulionyeshwa mara chache, kisha kimya. Filamu za enzi hizo zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto haraka na kuoza hadi kuwa unga. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilisema kati ya filamu ndefu bubu 10,919 za nchi hiyo, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki kama zilivyotoka. Ndiyo maana wakusanyaji hawalali.

Mwaka 2005 mpelelezi binafsi wa North Carolina alikuwa na roli tano za mkanda huu, alizolipwa badala ya pesa. Baadaye Chama cha Historia cha Oklahoma kikazinunua kwa dola 5,000. Bei ya bure, jamani! Zikasafishwa, David Yeagley, Mkomanche, akatunga muziki, na mwaka 2012 mkanda ukaonyeshwa mzima. Mwaka 2013 ukaingizwa kwenye Rejista ya Taifa ya Filamu.

Kwa mkusanyaji ni kitu adimu. Kwa Wakiowa na Wakomanche ni babu na bibi zao wanatembea, wanacheza ngoma, wanapanda farasi. Hata hema moja lenye michoro ya vita linaloonekana humo, turubai lake limehifadhiwa na chama hichohicho.

Ni dakika 80 hivi, na DVD ilitoka 2016. Aliyeuona atupe habari hapo chini.