Walioandaa Waandishi: Historia ya Sanaa ya Maneno kati ya Bungoma na Kitale

Historia ya fasihi nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa majina ya waandishi na vitabu vyao, na kwa kuwa mashirika mengi ya uchapishaji yako Nairobi, imekuwa rahisi kudhani kwamba mwandishi huanza kuwa mwandishi siku muswada wake unapopokelewa na mhariri wa jijini. Eneo linaloukumbatia Mlima Elgon kutoka Bungoma, upande wa kusini, hadi Kitale katika Trans Nzoia, upande wa mashariki, linatoa ushahidi wa kinyume. Hapa mwandishi aliandaliwa kwa muda mrefu na watu ambao wengi wao hawakuchapisha kitabu chochote: wasemaji wa matangani, walimu wa shule za misheni, vibarua wa mashamba ya walowezi waliolazimika kuelewana kwa Kiswahili, na walimu wa drama ambao majina yao hayakuvuka ua la shule. Mchango wao haujapewa uzito unaostahili, ingawa bila wao vitabu vinavyojulikana leo kutoka eneo hili ni vigumu kuvieleza.

Chimbuko la kwanza liko katika usemaji. Wabukusu, ambao ndio wengi katika Bungoma na ambao huhesabiwa miongoni mwa makabila yanayounda jamii ya Waluhya, wana desturi inayoitwa khuswala kumuse, yaani hotuba maalumu inayotolewa baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika katika jamii. Mtoaji wa hotuba hiyo huitwa omuswali, na kazi yake haishikwi na yeyote apendaye, kwani hutarajiwa kutoka katika koo chache zinazoaminiwa kuwa na kipawa hicho. Waombolezaji huketi wakiacha njia katikati yao, naye omuswali, fimbo mkononi, huitembea njia hiyo kwenda na kurudi huku akisema, akianza na asili ya watu na safari za mababu ambazo masimulizi huzianzishia Misri, akipitia vita na makabiliano ya koo, akiwataja manabii kama Mutonyi wa Nabukelembe na Maina wa Nalukale, na hatimaye akiwageukia walio hai kwa maonyo kuhusu ardhi, ndoa na uongozi. Miongoni mwa waliopata sifa kubwa katika kazi hii karne iliyopita ni Manguliechi, ambaye jina lake lilitajwa hata na watu wasiowahi kumsikia akisema.

Ni makosa kuichukulia hotuba hii kama maombolezo tu. Omuswali alipaswa kupanga habari za karne nyingi katika utaratibu ambao msikilizaji angeweza kuufuata bila maandishi, na ufunguo wake mmoja ulikuwa marika, yaani makundi ya wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Majina ya marika ya Wabukusu ni manane, nayo ni Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na kwa kuwa hurudi kwa zamu baada ya takriban karne moja, yalimwezesha msemaji kuliweka tukio mahali pake katika wakati bila kuhitaji mwaka wa kalenda. Mtoto aliyeketi pembeni ya matanga akisikiliza alijifunza jinsi simulizi refu linavyoshikiliwa pamoja, lini msemaji anyamaze na lini arudie, na jinsi jambo la kale linavyofanywa kuwahusu waliopo. Hayo ni mafunzo ya utunzi, ingawa hayakuwa na darasa wala cheti.

Daraja kati ya usemaji huo na kitabu lilijengwa na watu waliosikiliza kwa makusudi ya kuandika. F. E. Makila alichapisha mwaka 1978 kitabu cha muhtasari wa historia ya Wabukusu, An Outline History of the Babukusu, ambacho thamani yake kubwa ni kwamba kiliyapokea masimulizi ya wazee kama ushahidi wa historia wakati ambapo wasomi wengi waliyaona kuwa hadithi za kupitishia jioni. Simiyu Wandibba, mwanaanthropolojia, alitoa mwaka 1996 wasifu wa mwanasiasa Masinde Muliro, na Namulundah Florence, profesa mzaliwa wa jamii hiyo anayefundisha New York, alichapisha mwaka 2011 utafiti wa ngano na utamaduni wa Wabukusu. Upande wa pili wa mlima, nchini Uganda, kwa Wamasaaba ambao ni ndugu wa karibu wa Wabukusu kwa lugha na kwa jando, Timothy Wangusa aliutumia mlima huohuo katika riwaya yake ya mwaka 1989, Upon This Mountain. Mpaka wa kikoloni uliwagawa watu hawa katika nchi mbili, lakini haukuwagawa katika kumbukumbu.

Chimbuko la pili ni shule. Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, lilifungua kituo chake Kaimosi mwaka 1902 na kutoka huko likaenea kaskazini hadi Lugulu na Kimilili, huku Wakatoliki wakijenga yao Kibabii na kwingineko. Misheni zilileta kusoma, lakini zilileta pia swali gumu la lugha ya kusomea. Katika miaka ya 1940 kamati ya wamisionari na wenyeji ilijaribu kuunda Kiluhya sanifu kimoja ambacho kingetumiwa na makabila yote ya eneo hilo, na Wabukusu walikuwa miongoni mwa waliokataa, kwa hoja kwamba lugha iliyosanifiwa haikuwa ile wanayoisema nyumbani. Upinzani huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba Lubukusu, yaani lugha ya Wabukusu, kilibaki na maandishi machache, na kijana mwenye hamu ya kuandika akajikuta akichagua kati ya Kiingereza na Kiswahili, lugha mbili ambazo zote alizipata nje ya nyumba ya mama yake.

Waliochagua Kiingereza walipitia zaidi shule za upili za bweni. Friends School Kamusinga, iliyoanzishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Shule ya Wasichana ya Lugulu zilipata sifa si kwa mitihani tu bali pia kwa jukwaa. Tamasha za drama za shule na vyuo, zilizoanza mwaka 1959 zikitawaliwa na shule za Wazungu na ambazo baada ya uhuru zilifunguliwa hatua kwa hatua kwa lugha na maudhui ya Kiafrika, zilimfanya mwalimu wa kawaida kuwa mtunzi, kwa sababu mchezo, shairi la kukaririwa na kundi, masimulizi na ngoma ya ubunifu vilipaswa kuwa vipya kila mwaka. Katika shule nyingi za Bungoma na Trans Nzoia mwalimu aliandika muswada wake wakati wa likizo ya Desemba, akaufanyia mazoezi na wanafunzi baada ya masomo ya jioni, akaubadilisha kila waamuzi walipomkosoa, na kuufikisha kwenye mashindano ya mkoa au ya taifa akiwa amejifunza uhariri kwa njia ambayo hakuna mchapishaji angemfundisha kwa upesi huo.

Kutoka katika jamii ya Wabukusu alitokea pia Chris Wanjala, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki Oktoba 2018, ambaye hafai kuachwa katika historia hii kwa sababu alichagua kazi ambayo hujenga jumuiya zaidi ya kumjengea mtu jina: uhakiki. Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong alikuwa ameitangaza Afrika Mashariki kuwa jangwa la fasihi, na Wanjala, kwanza kama mhariri wa mkusanyo wa makala uliotoka mwaka 1973 na kisha katika vitabu vyake The Season of Harvest cha mwaka 1978 na For Home and Freedom cha mwaka 1980, alijibu kwa kuwasoma waandishi wa eneo hili kwa makini, akiwapima na kuwagombeza inapobidi. Mwandishi anayesomwa kwa uzito na mtu wa kwao huandika tofauti na yule anayengoja kusifiwa kutoka mbali, na kwa kadiri hiyo Wanjala alikuwa mlezi wa wengi ambao hakuwahi kukutana nao.

Mlezi wa namna hii hapatikani Kenya pekee. Ireland, nchi ndogo iliyotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, ilipata mwaka 1904 Ukumbi wa Abbey mjini Dublin, ambao ulikuza kizazi kizima cha watunzi wa tamthilia, na jengo lake liligharamiwa na Annie Horniman, mwanamke Mwingereza ambaye hakumbukwi kama mtunzi. Kila pahali penye waandishi wengi, mtafiti mwenye subira humkuta mtu wa namna hiyo.

Kitale ina historia yake tofauti. Mji huo ulianzishwa karibu mwaka 1920 katikati ya ardhi iliyogawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi wa zamani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na tawi la reli lililoufikia mwaka 1926 liliufanya kuwa kitovu cha mahindi. Katika mwaka huohuo wa 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa amekusanya wadudu, wanyama na vitabu tangu utotoni, alianzisha makumbusho yake binafsi, akaacha wasia kwamba mkusanyo huo na fedha za kujengea nyumba mpya viende kwa taifa, na baada ya kifo chake mwaka 1966 makumbusho ya umma yalifunguliwa mjini mwezi Desemba 1974. Lakini urithi mkubwa zaidi wa Kitale katika fasihi haukutoka katika maktaba ya mlowezi bali katika vibanda vya watu waliomfanyia kazi.

Mashamba ya Trans Nzoia yaliwakutanisha Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wapokot, Waturkana, Wateso, Wakikuyu na wengine, kama vibarua na kama maskwota, yaani watu walioruhusiwa kulima kipande cha ardhi ya mlowezi kwa masharti ya kumfanyia kazi. Hakuna lugha ya kabila moja iliyoweza kuwatosheleza wote. Kiswahili kilikuwa kimefika magharibi mwa Kenya tangu karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliotua Mumias kwa mtawala wa huko, Nabongo Mumia, na sasa kikawa lugha ya shamba, ya soko na ya mapatano ya majirani. Walowezi walikuwa na namna yao ya kukisema, iliyojulikana kama Kisetla, lugha ya amri iliyopunguziwa sarufi, na watoto wa maskwota walikua wakiisikia pembeni ya Kiswahili kingine chenye uhai walichokitumia wazazi wao kutaniana na kufarijiana. Baadaye redio na magazeti kama Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, na kisha Taifa Leo lenye ukurasa wake wa mashairi, yaliwaonyesha kwamba lugha hiyo ya kazi ilikuwa pia lugha ya sanaa.

Mtu ambaye historia yote hii inakutana kwake ni Ken Walibora. Alizaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960 akakulia upande wa Kitale, kwa hiyo alirithi masimulizi ya Bungoma na Kiswahili cha Trans Nzoia kwa pamoja. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996, miaka 11 baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa, uamuzi wa serikali ambao bila kukusudia uliwapa waandishi wa bara wasomaji ambao hawakuwa nao kabla. Riwaya hiyo inamfuata kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, ambaye anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. Uamuzi huo wa kisanii una uzito usiopaswa kupitwa haraka. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba anayekitafuta Kiswahili kizuri lazima ateremke pwani. Walibora alimpandisha mwana wa pwani zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, akamleta katika nchi ya mahindi, na kwa kufanya hivyo akadai kwamba Kitale nayo ni nyumbani kwa lugha hiyo. Dai hilo lilithibitishwa na wasomaji. Kidagaa Kimemwozea, riwaya yake ya mwaka 2012, ilisomwa kama kitabu teule na watahiniwa wa kidato cha nne kote nchini.

Walibora alisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin, akasoma habari kwenye runinga na kuandika safu ya lugha gazetini, na hadi kifo chake mjini Nairobi mwezi Aprili 2020 alibaki mtu ambaye waandishi chipukizi wa Kiswahili walimwendea na miswada yao. Katika hilo alifanana na omuswali kuliko alivyofanana na mwandishi wa kujitenga, kwani alisema mbele ya watu na kwa ajili yao.

Tangu mwaka 2015 Bungoma ina chuo kikuu chake chenye hati, Kibabii, na uhusiano kati ya utafiti na kumuse ambao zamani ulihitaji safari ya Nairobi au Eldoret sasa unaweza kufanyika karibu na matanga yenyewe. Kilicho dharura zaidi ni miswada ya walimu wa drama. Kazi hizo zimeigizwa mbele ya maelfu ya wanafunzi na kushinda vikombe, lakini nyingi hazikuchapishwa. Zimehifadhiwa katika faili za shule, katika kompyuta za walimu waliostaafu au katika kumbukumbu za waigizaji ambao leo ni wazazi, na shule inapompoteza mwalimu aliyezitunga mara nyingi huipoteza pia nakala. Makila aliwafuata wazee wakiwa bado wanasema. Walimu waliotunga kwa ajili ya jukwaa katika miaka ya 1970 na 1980 nao sasa ni wazee, wengi wao wakiishi katika vijiji vya Kimilili, Webuye, Kiminini na Cherangani, mwendo mfupi kwa matatu kutoka kwa yeyote mwenye kalamu na nia ya kuwasikiliza.