Mole (neno la Kiingereza)

Mole ni neno la Kiingereza lenye maana kadhaa zisizohusiana, zilizotoka lugha mbalimbali na kukutana katika tahajia moja. Katika isimu ni mfano wa homonimia, si polisemia, ndiyo maana kamusi kubwa huliorodhesha kama vidahizo tofauti.

Maana ya doa la ngozini imetokana na *māl* ya Kiingereza cha Kale, yaani waa. Jina la fuko, mnyama achimbaye njia chini ya ardhi, limeingia baadaye, katika Kiingereza cha Kati, na linalingana na *mol* ya Kiholanzi. Jasusi aliyejipenyeza ndani ya idara ya adui anaitwa kwa jina la mnyama huyohuyo. Matumizi hayo, yaliyoenezwa na riwaya za John le Carré, ni upanuzi wa maana tu na hayahesabiwi kuwa neno jingine.

Ukuta wa mawe unaokinga bandari dhidi ya mawimbi umepata jina lake kupitia Kifaransa kutoka *moles* ya Kilatini, yaani tungamo kubwa. Moli ya kemia, ambayo tangu 2019 ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, imetoka *Mol* ya Kijerumani, kifupisho cha *Molekül*. Neno hilo nalo lina asili katika umbo la udogishi la *moles* ileile, hivyo ukuta wa bandari na kizio cha maabara ni binamu wa mbali, ingawa tahajia pekee haiwezi kulithibitisha hilo.

Mchuzi wa pilipili wa Meksiko, unaotamkwa kwa silabi mbili, umetoka *mōlli* ya Kinahuatl kupitia Kihispania.