Pete Iliyofika Siaya

Januari 2024, kule Siaya, ndege mkubwa alipatikana amenaswa kwenye wavu wa samaki wa Ziwa Victoria. Alikuwa amekonda sana, na mguuni alikuwa na pete ya chuma iliyotaja jumba la makumbusho la Helsinki, Ufini. KWS walimchukua, akapelekwa kwa wataalamu wanaotibu ndege wawindaji, lakini baada ya siku chache akafa. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000.

Huyo ndege ni osprei. Usimchanganye na furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayepiga kelele ziwani mwaka mzima. Osprei ana utepe mweusi uliokatiza jichoni, chakula chake karibu chote ni samaki, na huku kwetu hajengi kiota. Anakuja, anavua, anarudi kwao kuzaa.

Mimi niko Kakamega, kama kilomita 50 kutoka Kisumu, na ile habari ilikataa kutoka kichwani. Juni iliyofuata nikaanza kutazama kiota cha osprei wa Ufini kwenye simu. Wapenzi wa ndege kule huweka kamera juu ya mti na kurusha picha moja kwa moja. Wakati wa kiangazi chao, saa zao na zetu ni zile zile. Saa tatu usiku yangu ndiyo saa tatu yao, ila kwangu ni giza na stima zimepotea, na kwao bado kweupe.

Muda mwingi ni kungoja tu. Mama anakaa na makinda, baba anatafuta samaki. Akitua, mara nyingi samaki hana kichwa, ameshakila njiani. Kukhu alikuwa kando yangu akichambua kunde, akacheka: “Kichwa ni cha mwenye boma.” Mama anachukua kilichobaki, anamega vipande vidogo, anawalisha watoto mmoja mmoja. Kiota chenyewe ni lundo la vijiti ambalo huongezwa kila mwaka, na mume na mke, ambao wakati wa baridi kila mmoja huishi kivyake, hukutana tena pale pale majira ya kuchipua.

Agosti mama akaondoka kwanza. Baba akaendelea kuleta samaki mpaka watoto nao wakaanza kutoweka, kila mmoja kwa siku yake.

“Na nani anamwonyesha njia?” kukhu akauliza.

“Hakuna. Anakwenda peke yake.”

Akanyamaza, kisha akasema, “Basi huyo wa Siaya alijitahidi.”

Tunajua haya yote kwa sababu kuna watu waliokubali kukaa na kutazama. Mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha kwezi pete nyepesi zenye namba na anwani. Wazo lake lilikuwa rahisi: atakayempata ndege huyu, popote alipo, atuandikie. Ufini walianza kuvisha pete mwaka 1913. Na tangu 1971, wanaojitolea chini ya mradi ulioanzishwa na Pertti Saurola huzunguka nchi nzima kila kiangazi, wakipanda miti kuhesabu makinda ya osprei na kuyavisha pete.

Hawakufanya hivyo kwa kukosa kazi. Osprei walishawahi kuisha mahali. Uskoti, bunduki na wezi wa mayai waliwamaliza, na kiota cha mwisho kinachojulikana kilikuwa cha 1916. Waliporudi katikati ya miaka ya 1950, ilibidi walinzi walale chini ya mti karibu na Loch Garten. Hata hivyo, mwaka 1958 mwizi alipanda usiku akabeba mayai. Mwaka 1959 walinzi wakageuza mbinu: wakafungua kibanda watu waje watazame, wakaja kwa maelfu. Ikawa ngumu kuiba kitu kinachotazamwa na umati. Marekani nako dawa ya DDT ilikuwa inapita kwa samaki mpaka kwa ndege, maganda ya mayai yakawa mepesi, mama akiyalalia yanavunjika. DDT ilipigwa marufuku huko mwaka 1972, na osprei wakaanza kurudi.

Lakini angalia hiyo historia imeandikwa wapi. Yote iko kwenye kiota. Ilhali kinda wa osprei hukaa kiotoni wiki saba au nane tu. Akishafika Afrika hana haraka, kiangazi kinachofuata hupita akiwa bado huku, na kwa kawaida hurudi kaskazini akiwa na miaka miwili au zaidi. Ujana wake wote, ule wa kujifunza kuvua, kukosa na kulala njaa, anaumalizia kwenye maji ya huku. Sehemu hiyo ya maisha yake haina kamera. Kwa miaka mingi ilijulikana hasa kupitia pete kama ile, zikitumwa na watu waliomkuta ndege ameshakufa au yuko mahututi.

Ndiyo maana namwona aliyetoa taarifa kule Siaya kama mwandishi wa historia hii. Angeweza kumtupa au kumla, hakuna ambaye angejua. Mtu wa Ufini alianza sentensi juu ya mti, na mtu wa Siaya akaimalizia.

Januari iliyopita nilipanda matatu nikaenda Dunga, Kisumu, na darubini ya kuazima. Nilimwona mmoja juu ya mti mkavu, akiwa ameshika samaki. Nilijaribu kuona kama ana pete, lakini miguu ilifichwa na manyoya na yule samaki. Samaki hakuwa na kichwa. Nikaandika tarehe, saa na mahali kwenye daftari, nikampigia kukhu simu.